Nani Anayejibu? Soneti Katika Insha ya Alan Turing

Insha ya Alan Turing iliyochapishwa mwaka 1950 katika jarida la falsafa la Mind hutajwa sana na wanasayansi wa tarakilishi, lakini ni nadra kuhakikiwa kama kazi ya kubuni. Makala haya yananuia kuisoma hivyo. Pale Turing anapolazimika kulijibu suala la iwapo mashine inaweza kuwa na fahamu, haitegemei hisabati aliyobobea ndani yake. Anageukia ushairi, na kubuni mazungumzo mafupi ya wahusika wawili.

Chanzo cha mazungumzo hayo ni hotuba ya mwaka 1949 ya Geoffrey Jefferson, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Manchester. Jefferson alishikilia kwamba mashine haiwezi kusawazishwa na ubongo hadi itakapotunga soneti kutokana na mawazo na hisia zake yenyewe, na ijue kuwa imetunga. Turing anajibu kwamba kwa kipimo hicho hatuna hakika hata na jirani zetu, kwani njia pekee ya kuthibitisha kuwa fulani anafikiri ni kuwa fulani huyo. Kwa kuwa hilo haliwezekani, tumeafikiana kwa adabu tu kwamba kila mtu anafikiri. Hoja hii ni nzito, na kwa maoni yetu Jefferson hakuwa na jawabu lake.

Sasa tuyatazame mazungumzo yenyewe. Mhoji anamuuliza shahidi, ambaye hamwoni, kuhusu mshororo wa kwanza wa soneti yake: je, badala ya siku ya kiangazi, siku ya majira ya kuchipua isingefaa zaidi? Shahidi anajibu kwamba mizani ingeharibika. Basi je, siku ya baridi kali, ambayo haiharibu mizani? Shahidi anasema hakuna apendaye kufananishwa na siku kama hiyo. Anapotegwa kwa Krismasi, ambayo Uingereza huangukia majira ya baridi, anajinasua kwa kutenganisha siku ya kawaida na siku mahususi. Ni majibu ya mhakiki hodari. Yanaanza kwenye arudhi, yanapita kwenye maana, yanaishia kwenye mazoea ya jamii. (Msomaji wa Mombasa atatabasamu hapa. Mpenzi wa Kimvita atakayefananishwa na siku ya kiangazi cha Januari huenda akaudhika.)

Lakini mshororo unaojadiliwa ni wa nani? Ni wa Shakespeare, kutoka soneti ya 18. Mhoji anauita mshororo wa shahidi, na shahidi hakanushi. Ukirudi nyuma katika insha hiyo hiyo utaona kwamba shahidi alipoombwa atunge soneti kuhusu daraja la Forth, aliomba radhi akisema ushairi haumo katika uwezo wake. Alipopewa 34,957 na 70,764 ajumlishe, alikaa kimya kama sekunde 30 kisha akajibu 105,621. Jawabu sahihi ni 105,721. Turing hamwambii msomaji lolote kuhusu kosa hilo. Yamkini ni kosa la makusudi, la mashine inayojifanya mtu. Kwa hivyo katika insha nzima mashine inakosea hesabu, inakataa kutunga, kisha inatetea kwa ufasaha shairi la mtu mwingine. Hatuonyeshwi utunzi wake hata mara moja. Tunaonyeshwa uhakiki.

Kuhusu vifaa, Turing aliona mbali. Alikadiria kwamba baada ya miaka 50 hivi tarakilishi zingekuwa na kumbukumbu ya biti bilioni moja. Simu ya bei nafuu leo inapita kiasi hicho mara nyingi. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista zipatazo 2,300, ilhali H100 ya Nvidia ya mwaka 2022 ina bilioni 80. Programu zinazoendeshwa kwa vifaa kama hivyo hufunzwa kwa maandishi ya binadamu, na leo zinatoa soneti kwa kila aombaye. Kuazima kule kwa mwaka 1950 sasa ndiyo mbinu yenyewe.

Suala hili linatuhusu sisi kuliko tunavyokiri. Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili ulisimama kwa miongo kadhaa juu ya umbo. Kuanzia Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi (1954) hadi Kichomi ya Kezilahabi (1974) na majibu yaliyofuata, tuliulizana iwapo utungo usio na vina na mizani ni shairi. Vina na mizani ni kanuni, na mashine ni mtumwa wa kanuni. Hata hivyo, wanamapinduzi wasishangilie, kwani shairi huru nalo linaigika, pengine kwa wepesi zaidi.

Tunaloliona kuwa na mashiko ni jambo ambalo Jefferson na Turing wote walilipita. Katika kujibizana kwa washairi wa mwambao, ambako nako ni mahojiano kwa beti, swali halikuwa kama mpinzani ana fahamu. Muyaka bin Haji alipotunga kuhusu uhasama wa Mombasa ya Wamazrui na wapinzani wao wa Lamu na Unguja, alijulikana nyumba yake ilipo, na kauli yake ilimrudia. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya waraka aliouandika, na Sauti ya Dhiki (1973) ilizaliwa humo gerezani. Hatusemi kwamba mashine haitapata fahamu kamwe. Hilo si la mhakiki kuliamua. Tunasema kwamba shahidi wa Turing hana cha kupoteza akijibu vibaya.

Neno letu bandia, tunalolitumia katika akili bandia, kwa matumizi ya zamani ni mwanasesere pia. Mtoto huzungumza na bandia wake, naye mwenyewe ndiye humjibia. Turing alimwandikia shahidi wake majibu yote, na mshororo akauchukua kwa Shakespeare.