Triga Inayojua Mipaka Yake

Hifadhidata huandika, hutunza na hujibu inapoulizwa. Kwa kawaida haigusi chochote nje ya kuta zake: haitumi ujumbe wa simu, haiiti skripti ya wavuti, haiamshi programu iliyolala kwenye seva nyingine. Lakini kazi nyingi zinazotegemea hifadhidata zinayadai hayo yote. Mzazi analipa ada, rekodi inaingia kwenye jedwali, na shule inataka apate ujumbe papo hapo. Dawa zinapungua kwenye stoo ya hospitali, na msambazaji anapaswa kujua kabla rafu haijabaki tupu. Ufundi wa kuunganisha kilichoandikwa na kitendo kinachopaswa kufuata hauonekani na mtumiaji hata kidogo, wala hakuna anayeusifu mambo yakienda sawa. Unastahili sifa hiyo, kwa sababu ndani yake mna busara kubwa kuliko katika skrini nyingi zinazopendeza macho.

Chombo cha kwanza ni triga: kipande cha msimbo kinachokaa ndani ya hifadhidata na kujiendesha chenyewe kila rekodi inapoongezwa, kubadilishwa au kufutwa. Sybase ilikuwa nazo miaka ya 1980, Oracle ikazileta katika toleo la 7 mwaka 1992, kiwango cha SQL kikazitambua mwaka 1999, na MySQL ikazipata katika toleo la 5.0 mwaka 2005. Thamani ya triga ni kwamba haisahau. Programu tatu au nne zinaweza kuandika kwenye jedwali moja, zilizotengenezwa na watu wasiofahamiana, na siku nyingine karani atasahihisha rekodi kwa mkono. Triga huyaona yote, kwa sababu imekaa pale ambapo kila badiliko lazima lipite.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Kama triga imeshaliona badiliko, mbona isiite programu ya nje yenyewe? Njia zipo. Oracle ina kifurushi cha UTL_HTTP kinachoweza kuita anwani ya wavuti. SQL Server ina xp_cmdshell, inayoendesha amri za mfumo endeshi. PostgreSQL tangu toleo la 9.3 inaweza kupeleka data moja kwa moja kwa programu kupitia COPY ... TO PROGRAM, na kwa MySQL kuna mafundi wanaoongeza maktaba yenye sys_exec. Kwa kazi za usiku zinazoendeshwa na msimamizi, kama vile kutoa ripoti au kubana mafaili, njia hizi zinafaa. Ndani ya triga zina hatari, na hatari yenyewe inaonekana vizuri zaidi katika ile ada ya shule.

Mhasibu anabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Muamala wa hifadhidata unafunguliwa, yaani kundi la mabadiliko linalokubaliwa lote au kukataliwa lote. Salio la mwanafunzi linabadilishwa, na rekodi yake inafungwa asiiguse mwingine hadi muamala uishe. Malipo yanaandikwa, na triga inaita seva ya kampuni ya ujumbe mfupi. Mtandao ni mzito; nusu dakika inapita bila jibu. Muda wote huo skrini ya mhasibu imeganda, na mwenzake wa dirisha la pili anayetaka kugusa salio lilelile anasubiri nyuma yake. Hilo ni kero tu. Kosa lenyewe linakuja baadaye: ujumbe umeshatoka, kisha hatua ya mwisho inakwama, labda namba ya risiti imejirudia, na hifadhidata inatengua kila kitu. Malipo hayapo tena kwenye vitabu, lakini mzazi ameshika simu inayosema yamepokelewa. Hifadhidata ina uwezo wa kufuta maandishi yake yenyewe. Ujumbe uliokwisha kufika kwa mtu haiwezi kuurudisha.

Fundi mzuri huitaka triga ifanye kazi ndogo zaidi. Badala ya kuita nje, iandike rekodi moja kwenye jedwali jingine, la ujumbe unaosubiri kutumwa: namba ya simu, maneno yenyewe, saa, na utambulisho usiojirudia. Rekodi hiyo imo ndani ya muamala uleule wa malipo. Malipo yakitenguliwa, nayo inatoweka. Yakithibitishwa, nayo imethibitishwa. Kwa hatua hii moja ndogo, ahadi ya kutuma inalindwa kwa nguvu ileile inayolinda fedha. Ni vigumu kupata katika programu za biashara suluhisho lingine linalofanya mengi hivi kwa mistari michache hivi.

Kinachobaki ni kumwamsha mtumaji. PostgreSQL ina amri mbili kwa ajili hiyo: programu ya pembeni hutangaza kwa LISTEN kwamba inasikiliza, na triga huiita kwa NOTIFY. Taarifa hiyo haitoki mpaka muamala uthibitishwe, kwa hiyo haiwezi kutangaza jambo lililotenguliwa. Hufanya kazi kama kengele ya mlangoni: inasema kuna mtu, haibebi mzigo. Kwa mipangilio ya kawaida maneno yake lazima yawe chini ya baiti 8000, na ikilia wakati hakuna anayesikiliza, imepotea. Ndiyo maana programu makini, kila inapowaka upya, hupitia kwanza jedwali la ujumbe unaosubiri, na hurudia kulikagua kila baada ya muda hata kengele ikiwa kimya.

Tangu toleo la 9.5 la PostgreSQL, maneno SKIP LOCKED yanaruhusu nakala kadhaa za programu hiyo kugawana kazi: kila moja huchukua rekodi ambazo hazijashikwa na nyingine, bila kugongana. Shida moja haiishi. Programu inaweza kutuma ujumbe kisha umeme ukakatika kabla haijaandika kwamba umetumwa; ikiwaka itautuma tena. Kwa hiyo utambulisho wa ujumbe husafiri pamoja nao, ili mpokeaji aweze kutambua marudio na kuyaacha.

Mpangilio huu unasaidia usalama pia. Amri inayoendeshwa kutoka ndani ya hifadhidata hutumia mamlaka ya akaunti ya seva, na mvamizi aliyepata upenyo anaweza kufika mbali. Watengenezaji wenyewe walilitambua hilo: xp_cmdshell imezimwa kwa chaguo-msingi tangu SQL Server 2005, Oracle 11g ilianza kudai orodha ya ruhusa kabla ya kuita mtandao, na PostgreSQL inaruhusu COPY ... TO PROGRAM kwa wasimamizi wakuu na waliopewa jukumu maalumu pekee. Programu ya pembeni inahitaji kusoma na kusahihisha jedwali moja tu, na nywila ya kampuni ya ujumbe hukaa kwake, nje ya hifadhidata.

Kwa mifumo mikubwa kuna zana kama Debezium, zinazosoma kumbukumbu ya mabadiliko ya hifadhidata yenyewe na kuyasambaza kwingine. Shule, zahanati au duka halihitaji kufika huko. Jedwali moja la ziada, triga fupi na programu ndogo inayosikiliza vinatosha, na vyote vinaweza kujengwa kwa PostgreSQL bila kulipia leseni.