Skripti ya kufuta picha ina kosa la herufi mbili

Umeshatumiwa ile skripti fupi ya Bash ya kuchambua picha? Inakufunguliwa moja moja, unajibu "baki" au "futa", basi. Wazo safi kabisa. Shida iko kwenye mstari huu: rm $f. Jina halina alama za nukuu, kwa hiyo Bash inalikata kila penye nafasi. "WhatsApp Image 2024-03-02 at 10.15.33.jpeg" linageuka vipande vitano, na rm inalalamika tu haioni faili. Hapo una bahati! Ila ukiamuru ifute "harusi mama.jpg", itakayoondoka ni "mama.jpg". Na rm haipitishi kitu kwenye pipa la takataka. Mimi ningeandika mv -n "$f" kusubiri/ kwanza, folda hiyo niikague kesho yake.