Uyoga wa Huautla: Uhakiki wa Makala ya R. G. Wasson

Makala ya R. Gordon Wasson katika jarida la Life (1957) iliwafahamisha Wamarekani wengi habari za uyoga uletao maono. Wasson, afisa wa benki wa New York, aliula usiku mmoja wa Juni 1955 huko Huautla, milimani Oaxaca, Meksiko, akiongozwa na María Sabina, mganga wa Kimazateki.

Tunamsifu kwa uangalifu wake. Anaeleza jinsi uyoga ulivyosafishwa, ukapitishwa katika moshi wa ubani kwa sala, ukagawiwa jozi kwa jozi. Na jinsi mganga alivyoimba gizani.

Lakini hapa tunatofautiana naye. Kwa desturi ya Wamazateki uyoga huliwa kwa ajili ya mgonjwa, ili ugonjwa wake ujulikane. Wasson alikuja kwa udadisi. Waliomfuata waliacha mgonjwa na sala, wakabaki na uyoga. Nao ukiliwa ovyo huleta hofu kuu na kuvuruga akili, tena huweza kudhaniwa kuwa ndio, kumbe ni aina nyingine yenye sumu.

Ingawa makala ilimpa María jina la bandia, wageni walifurika Huautla miaka ya 1960. Nyumba yake ilichomwa moto; naye, kabla ya kufariki 1985, alisikitika kwamba uyoga ulikuwa umepoteza nguvu.

Sisi wachungaji tusidhani jambo hili liko mbali. Tuitishapo ibada ya uponyaji, na tujiulize: tumekusanyika kwa ajili ya mgonjwa, au kutazama maajabu?