Neno, Picha na Haki: Uhakiki wa Maandishi kuhusu Same na Milima ya Upare

Mwezi Januari 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka kutoka milima ya Upare hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi huko kusubiri jawabu la serikali. Hawakuja kukataa kodi. Kodi ya kichwa walikuwa wakiilipa na walikuwa tayari kuendelea kuilipa. Walichokikataa ni mbiru, yaani kodi ya ngazi iliyotozwa kwa kumkadiria kila mtu mali yake, na ambayo watawala wa kikoloni waliipa jina la ushuru wa kale uliotolewa kwa watawala wa jadi wa Upare. Tofauti hiyo kati ya kukataa kulipa na kukataa namna ya kukadiriwa ndiyo kiini cha Mbiru: Popular Protest in Colonial Tanzania, kijitabu cha mwanahistoria Isaria Kimambo kilichochapishwa mwaka 1971. Sehemu hii inakihakiki kijitabu hicho sambamba na kitabu chake kikubwa cha baadaye, Penetration and Protest in Tanzania (1991), na Fortress Conservation cha Dan Brockington (2002), kinachohusu Mkomazi. Maandishi hayo yanasomwa pia dhidi ya picha za wamisionari wa Leipzig waliofanya kazi Upare. Swali linalochunguzwa ni ushahidi wa aina gani unaohesabiwa kuwa unatosha pale mtu anapodai kwamba amedhulumiwa, na nani anayebeba jukumu la kuufikisha ushahidi huo darasani.

Ni vyema kuanza na picha, kwa kuwa ndizo zilizotangulia. Wilhelm Guth, mmisionari wa Leipzig aliyehudumu Upare, aliacha picha nyingi ambazo leo zinapatikana katika hifadhi ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California, pamoja na za wenzake wa misheni hiyo. Ni hazina ambayo mtafiti wa historia ya Upare hawezi kuipuuza. Humo mna nyumba, mashamba ya mabondeni, makundi ya wanafunzi na waumini. Hata hivyo, picha hizo zilikuwa zikienda Ujerumani, kwa wafadhili waliotaka kuona matunda ya michango yao, na lengo hilo limeacha alama. Maelezo yake mafupi mara nyingi humtaja aliyepigwa picha kwa kabila lake, kazi yake au kituo cha misheni. Mtu anaonekana uso kwa uso, lakini hana jina wala kauli.

Majina ya vitabu vya wakati ule yanasaidia kueleza hali hiyo. J. J. Dannholz wa misheni ya Leipzig, aliyekuwa Mbaga, alitoa mwaka 1916 kitabu alichokiita Im Banne des Geisterglaubens. Ernst Kotz, Mwadventista aliyeandika pia sarufi ya Chasu, alitoa chake mwaka 1922 na kukiita Im Banne der Furcht. Misheni hizo mbili zilikuwa zikishindania roho za watu walewale katika milima ileile, lakini wawakilishi wake walianza majina ya vitabu vyao kwa maneno yaleyale, yenye maana ya kuwa chini ya nguvu ya kitu kisichoachia: kwa Dannholz ni imani ya mizimu, kwa Kotz ni hofu. Majina hayo yanaweza kuchukuliwa kuwa maelezo ya kila picha iliyopigwa Upare katika kipindi hicho. Msomaji wa Hamburg au Leipzig alikwisha kuambiwa anachokitazama kabla hajakitazama. Si haki, hata hivyo, kuvitupilia mbali vitabu hivyo, maana Kotz na Dannholz walisikiliza lugha kwa makini kuliko maafisa wengi waliokuja baada yao, na mengi ya yaliyohifadhiwa kuhusu mila za Wapare wa Kusini yamepitia mikononi mwao.

Mbele ya urithi huo, uamuzi wa Kimambo wa kuijenga historia ya Upare juu ya masimulizi ya wazee ulikuwa hatua ya haki kabla ya kuwa hatua ya mbinu. Katika A Political History of the Pare of Tanzania (1969) wazee wa koo si vielelezo tena, ni mashahidi. Kijitabu cha 1971 kinaupeleka msimamo huo mbele kwa kuonyesha watu waliokuwa na hoja. Mkulima anayesema kwamba hakatai kodi bali anakataa kukisiwa mali yake na mtu asiyeijua anatoa hoja ya kisheria na ya kimaadili kwa wakati mmoja. Hoja hiyo haiwezi kupigwa picha. Kamera iliyosimama Same siku ile ingeonyesha umati, na umati katika jicho la serikali ya kikoloni ulikuwa na maana moja tu: fujo.

Jambo hilo linadhihirika zaidi katika tukio ambalo Jean O'Barr alilishughulikia mwaka 1976 katika utafiti wake kuhusu wanawake wa Upare. Kwa mujibu wa masimulizi anayoyaeleza, wanawake wa Usangi walimwendea afisa wa serikali wakati mgogoro ukiendelea, wakamtaka ama aumalize ili waume zao warudi nyumbani, ama yeye mwenyewe awatie mimba wote. Kauli hiyo imechukuliwa na wasomaji wengi kuwa kichekesho, na kwa hakika ina kejeli kali. Lakini ikisomwa kama matini, ni hoja iliyopangwa barabara. Inamchukulia afisa kwa madai yake mwenyewe: aliyejitwalia mamlaka ya baba juu ya wilaya nzima na abebe majukumu yote ya baba. Inamweka mahali ambapo jibu lolote atakalotoa linamwaibisha. Vilevile inataja gharama ambayo hesabu za kodi hazikuwa na safu ya kuiandikia, yaani nyumba zilizokaa bila wanaume na mashamba yaliyokosa mikono. Ni vigumu kupata katika maandishi ya siasa ya Tanganyika ya miaka ya 1940 sentensi iliyobeba mengi kiasi hicho. Inasikitisha basi kwamba sehemu ya wanawake katika mbiru imekuwa ikikaa pembezoni mwa masimulizi yaliyowaweka wanaume wa kambi ya Same katikati.

Kitabu cha 1991 kinapanua uwanja hadi karne nzima, 1860 hadi 1960, kikianza na biashara ya misafara na kuendelea hadi mashamba ya katani, kahawa na miradi ya lazima ya kuhifadhi udongo. Ukubwa wa kazi hiyo hauna ubishi. Hata hivyo, mhusika mkuu amebadilika. Katika kijitabu, anayetenda ni mkulima. Katika kitabu, kama jina lake linavyotangaza, anayetenda kwanza ni uchumi wa dunia unaopenya, na mkulima anakuja baadaye kama anayepinga. Mbiru inapata sababu za kina zaidi na wakati huohuo inapoteza sehemu ya sauti yake. Msomaji anayetaka kujua kwa nini Upare ulitikisika atakwenda kwenye kitabu cha 1991. Anayetaka kujua Wapare walisema nini bado anakihitaji kile cha 1971.

Mkomazi inaleta tatizo la picha kwa namna nyingine. Pori la akiba lilitangazwa mwaka 1951, na baadhi ya familia za wafugaji ziliruhusiwa kubaki. Kufikia mwaka 1988 wafugaji walikuwa wameondolewa, na mwaka 2008 Mkomazi ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Brockington anaeleza jinsi maandishi ya kuchangisha fedha nje ya nchi yalivyoijenga Mkomazi kuwa nyika iliyokuwa imeharibiwa na watu na sasa inaokolewa. Picha ya nyika isiyo na mtu, yenye milima kwa mbali, si ya uongo. Hakuna kilichofutwa ndani yake, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuondolewa kabla kamera haijafika. Ariella Azoulay, katika The Civil Contract of Photography (2008), anamtaka mtazamaji awajibike kwa mtu aliyemo pichani. Mkomazi inalidai zaidi wazo hilo, kwa sababu hapa wanaodai haki ni wale ambao hawamo.

Mchango mkubwa wa Brockington ni uthubutu wake wa kukanusha imani iliyowafariji wengi, kwamba hifadhi isiyoungwa mkono na majirani haiwezi kudumu. Anaonyesha kwamba inaweza kudumu vizuri sana, mradi walioumia ni maskini na hawana nguvu. Hoja hiyo inaondoa kisingizio cha kwamba dhuluma itajirekebisha yenyewe kwa manufaa ya wanyama, na hivyo inaiacha haki isimame kwa miguu yake. Anaonyesha pia kwamba waliolitumia eneo hilo hawakuwa Wamasai na Waparakuyo peke yao. Wapare na Wasambaa nao walikuwamo. Lakini kesi iliyofahamika duniani, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1999, ilibeba sura ya mfugaji wa Kimasai. Madai ya ardhi ya kimila hayakufaulu, na miongoni mwa yaliyowaangusha wadai ni swali la nani alitangulia kufika. Hapa kuna jambo ambalo kitabu kinaligusa na ambalo lingestahili sura nzima. Mmasai mwenye shuka jekundu ni taswira ambayo dunia inaitambua. Mpare mwenye ng'ombe wachache na shamba linalomwagiliwa kutoka ndiva haionekani kwenye kalenda yoyote. Asiye na taswira alikuwa na nafasi ndogo hata ya kupata mtetezi.

Kuhusu uongozi wa elimu, ni rahisi kuutafuta katika nyaraka za wakuu wa shule na kuukosa mahali ulipo. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, ikitaka shule iache kumtenga mwanafunzi na jamii yake. A History of Tanzania, ambacho Kimambo alikihariri na A. J. Temu, kilitoka mwaka 1969. Kijitabu cha mbiru kikafuata mwaka 1971 katika mfululizo wa Chama cha Historia cha Tanzania, uliokusudiwa kuwafikia walimu na wanafunzi pamoja na wasomi. Kuiingiza kambi ya Same katika somo la historia, ili mtoto wa Upare akutane na babu yake akiwa mtu mwenye hoja, kulikuwa uongozi wa elimu usiohitaji cheo. Kasoro yake ni lugha. Wazee waliotoa ushahidi kwa Chasu na Kiswahili walirudishiwa historia yao kwa Kiingereza. Kitabu cha Brockington nacho kiko katika lugha hiyohiyo, na ndani yake mna maelezo ya hasara za watu ambao wengi wao hawawezi kuyasoma wala kuyasahihisha.

Kwa miaka kadhaa Mkomazi imekuwa na programu ya elimu iitwayo Rafiki wa Faru, inayowachukua wanafunzi wa shule za jirani kwa basi na kuwaonyesha faru weusi wanaolindwa humo. Ni kazi inayostahili sifa, maana mtoto wa Same anapata kumwona mnyama ambaye hapo awali wageni walilipa kwenda kumwona. Lango la Zange liko karibu na mji wa Same, na mtu akiwa ndani ya basi hilo huiona milima aliyoteremka babu yake mwaka 1945 upande mmoja, na upande wa pili nyika waliyoondolewa wafugaji mwaka 1988. Mwalimu anayeongozana na wanafunzi hao anaweza kuyaeleza yote mawili kwa safari moja. Akihitaji matini ya Kiswahili ya kuwasomea njiani, itabidi kwanza atafsiri Kimambo mwenyewe.