Endara Hurekodiwa Nzima

Marimba ya Wakonzo, endara, huundwa upya kila inapopigwa. Vibao vyake vya mbao ngumu hutunzwa miaka na miaka, lakini kitanda chake ni vigogo viwili vya mgomba vilivyokatwa karibuni na kulazwa sambamba uwanjani. Juu yake vibao hupangwa kuanzia kile kirefu chenye sauti nzito hadi kifupi chenye sauti kali, na vijiti huchomekwa katikati ya kibao na kibao ili visihame vikianza kupigwa. Mgomba mbichi ni laini na una maji: unakibeba kibao bila kukinyamazisha. Kuanzia Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, hadi milimani juu ya mji wa Kasese, ufundi huu hauhitaji duka la ala za muziki. Unahitaji jicho, sikio na subira.

Subira kubwa iko kwa anayevichonga vibao. Akikwangua upande wa chini, katikati, sauti inashuka. Akipunguza ncha, inapanda. Mbao iliyoondolewa hairudi, kwa hiyo anakwangua kidogo, anagonga, anasikiliza, anakigonga pamoja na kibao jirani, kisha anakwangua tena. Kibao kimoja kikienda kombo, wapigaji wote wataumia, maana hakuna atakayeweza kukikwepa bila kuuvunja mpangilio wa wenzake.

Wapigaji ni kadhaa kwenye ala moja, ngoma zikiwa kando yao. Kila mmoja ana kipande chake kifupi anachokirudia, na mapigo ya huyu huingia katika nafasi zilizoachwa na yule. Ndipo unapozuka mwendo wa sauti ambao mikono ya mtu mmoja haiupigi. Mtaalamu wa muziki kutoka Austria, Gerhard Kubik, aliyejifunza marimba za Buganda kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1962: sikio hukusanya noti za wapigaji mbalimbali na kuzisikia kama wimbo mmoja. Wakonzo wanalo pia katika filimbi zao za eluma. Kila filimbi hutoa noti moja, kwa hiyo wimbo haukamiliki hadi kundi zima lipulize kwa zamu, huku wakicheza.

Kwa sababu hiyo muziki huu unarekodiwa papo hapo, wote kwa pamoja. Bendi ya gitaa inaweza kuingiza studio mpiga dramu leo na mwimbaji kesho, kisha fundi mitambo akawaunganisha. Mpigaji wa endara ukimtenga na wenzake unabaki na nusu ya sentensi. Anajua pa kuweka pigo lake kwa kuwa anamsikia jirani yake na anauona mkono wake ukiinuka.

Waliotangulia kurekodi walilielewa hilo. Mwaka 1952 mrekodi wa muziki Hugh Tracey alipita upande wa Kongo, kandokando ya msitu wa Ituri, akawarekodi Wanande, ndugu wa Wakonzo wanaotenganishwa nao na mpaka tu. Alizoea kushika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe na kuisogeza, mara kwa mwimbaji, mara kwa ala, akichanganya sauti kwa hatua za miguu yake. Santuri za siku hizo zilibeba kama dakika 3 kwa upande, kwa hiyo ngoma ya usiku kucha ilibidi ikatwe. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi na mashine yake ya kurekodi miaka hiyohiyo, na nakala za kazi yake zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Baadaye watafiti Peter Cooke na Martin Doornbos walizichunguza nyimbo za Rwenzururu, vuguvugu la Wakonzo lililotangaza ufalme wake milimani mwaka 1962, wakachapisha makala juu ya nyimbo hizo mwaka 1982. Wanahistoria sasa wanazisoma kama ushahidi wa yale ambayo watu walidai.

Leo kinasa sauti kinaenea mfukoni, na hakuna santuri ya kutukata. Ufundi umebaki palepale. Maikrofoni mbili zikiinuliwa juu kidogo ya vibao huipa sauti nzito nafasi yake na sauti kali nafasi yake. Ngoma hurudishwa nyuma hatua chache, na wachezaji wenye njuga miguuni hupewa upande mwingine wa uwanja. Jenereta huzimwa. Kisha kundi huachwa lipige hadi lichoke lenyewe, kwa sababu dakika za mwanzo ni za kupasha mikono, na uhondo huja wakati wapigaji wameacha kufikiri. Ketebul Music ya Nairobi na washirika wao wa London wamekuwa wakifanya hivi tangu 2011, wakiibeba studio hadi vijijini Afrika Mashariki badala ya kuwabeba wanamuziki hadi studio.

Vijana wenye studio Kasese wanaotengeneza miziki kwa kompyuta wana kazi nzuri mkononi, na wengi wanatamani sauti ya endara. Wasichukue mlio wa kibao kimoja na kuurudia kwa mashine. Watoke na vifaa vyao, wakae uwanjani, warekodi ngoma nzima. Waandike jina la kila mpigaji pamoja na la aliyechonga vibao, wawaachie wenyewe nakala, na fedha zikipatikana zigawanywe kwa majina hayo. Sauti iliyotoka kwa watu wengi kwa pamoja iwalipe wote.