Zakaria peke yake?

Tukiijadili Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi, wengi wetu hasira zote humwishia Zakaria. Sawa, mzee ni mlevi, anampiga Regina, na kwa barua ya mvulana tu anamcharaza Rosa vibaya. Lakini jamani, na yule mchumba je? Huyu hashiki fimbo. Ana maneno mazuri, anataka kuoa. Ila anayempenda ni bikira aliyemchora kichwani mwake. Yakishajulikana ya nyuma anamwacha Rosa, na Rosa anajiua. Baba alimlinda kama mali, mchumba naye akamkagua kama mali. Mimi huyu wa pili ndiye ananitisha zaidi, maana anafanana na sisi.

Lawama yangu kwa mwandishi: kurasa za Rosa akianguka ni nyingi, za Rosa akipendwa bila masharti ni chache mno.

Na sisi je? Hadithi zetu zimejaa kijana anayepekua simu ya msichana, anamchagulia marafiki, anamvizia kituoni, halafu tunaandika kwamba “wivu ulimzidi kwa mapenzi”. Nikizisoma natafuta mahali msichana anaposema “sitaki”, na jioni hiyohiyo bado wanataniana.