Mkia wa Ngao: Namna ya Kuikagua Ethi ya Kabati la Udhibiti

Kabati la udhibiti, yaani sanduku la chuma lenye vifaa vinavyoongoza mashine kiwandani, siku hizi husifiwa kwa unyoofu wa nyaya zake na kwa lebo zilizochapwa vizuri, ilhali uzuri huo hauelezi lolote kuhusu ethi yake. Wanaolisifu, lau wangelegeza boliti moja na kutazama chini ya lagi, kile kichwa cha shaba kinachobanwa kwenye ncha ya waya, mara nyingi wangeikuta rangi ya kabati ikiwa nzima, na rangi haipitishi umeme.

Ethi ya kiwandani ina kazi mbili: kuunganisha mfumo na ardhi kwa fimbo iliyochimbiwa, na kufungamanisha vyuma vyote vinavyoguswa ili visitofautiane volteji. Kazi ya pili ndiyo inayookoa maisha, nayo ndiyo inayodharauliwa na wale wanaochimbia fimbo ya peke yake na kuiita ethi safi; fimbo hiyo ikiwa na ukinzani wa omu 25, hitilafu ya volti 230 itapitisha ampea 9.2 tu, sakiti breka ya ampea 16 haitajikata, na kabati litabaki na umeme likimngoja mwendeshaji.

Hata hivyo, fundi hupimwa kwa ngao, yaani wavu wa shaba unaozifunika nyaya za ishara ndani ya kebo. Fundi wa juujuu huusokota wavu huo ukawa mkia, akauvika mpira wa kijani na njano, akaubana kwenye teminali, na mteja akaridhika. Mkia wa sentimita 10 una induktansi, yaani tabia ya kuukaidi mkondo unaobadilika haraka, ya takriban mikrohenri 0.1; katika umeme wa hezi 50 ukaidi huo haufiki omu 0.0001, kwa hiyo mita ya mkononi huuona mkia kuwa mzuri kabisa. Lakini draivu, kifaa kinachobadili mwendo wa mota kwa kuukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, hutoa kelele zinazofika megahezi kadhaa, na kwenye megahezi 10 mkia uleule huwa na zaidi ya omu 6, kelele zikaiingilia ishara ya sensa. Gamba la kebo livuliwe palepale inapoingilia, ngao ibanwe mzunguko mzima kwa kibanio cha chuma juu ya bamba la mabati lisilo na rangi, na kibanio kikifunguliwa nyuzi za wavu zionekane zimelala bapa pande zote.

Walaghai hukifunga kibanio juu ya gamba la plastiki, kikapendeza pichani. Wenzao wa upande wa fimbo humwaga ndoo ya maji ya chumvi shimoni kabla ya mkaguzi kufika; ukinzani hushuka kwa muda, kisha mvua huiondoa chumvi ambayo tayari imeanza kuitafuna fimbo.

Mafundi wa enzi za rilei, swichi za sumaku ambazo kelele ndogo hazikuzisumbua, hawakulazimika kuwa waangalifu hivyo, lakini walikuwa: walikwangua rangi kwa kisu hadi chuma king'ae, wakaweka washa ya meno, wakakaza, ndipo wakapaka grisi kwa nje kuzuia kutu, na hatimaye wakachora mstari kuvuka nati na bamba ili kulegea kuonekane. Mkanda wa mlango, ule unaoufungamanisha mlango na kabati, ni wa shaba iliyosukwa, bapa, wenye urefu usiozidi mara tano ya upana wake. Waya wa mviringo mahali hapo ni uvivu. Bamba la nyuma lililopakwa rangi lirudishwe kwa muuzaji, na lagi mbili chini ya boliti moja, ambazo kiwango cha kimataifa cha IEC 60204-1 kinazikataa, zitoshe kumnyima fundi malipo ya mwisho.